Mshale wa Yaeda na Kuanguka kwa Mwezi

Mwalimu wa fizikia akitaka kuonyesha kitu kinakwenda kwa kasi gani na kinaelekea wapi, huchora mshale ubaoni. Urefu wa mshale ni kasi, ncha yake ni upande kinakoelekea, na mchoro huo huitwa vekta ya velositi. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mshale huo una mti, una manyoya, na mara nyingine una sumu.

Wahadzabe wa bonde hilo, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, huutengeneza kwa subira ya ajabu. Ufito hubanduliwa gome, hukwanguliwa kwa kisu, hupashwa moto, kisha mwindaji huubana kwa meno pale ulipopinda huku mkono ukiusukuma taratibu. Huutazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, huurudisha motoni, huung'ata tena. Ukishanyooka, hufungwa manyoya ya ndege mkiani.

Manyoya hayo si urembo. Mshale ukianza kuyumba hewani, upepo huyapiga na kuurudisha mkia nyuma ya ncha, hivyo mshale wote hujipanga sawasawa na njia yake. Ukipanda, ncha hutazama juu. Ukifika kileleni, hulala sambamba na ardhi. Ukishuka, huinama. Kila nukta ya safari yake unatangaza kwa mwili wake wote: ninaelekea huku.

Lakini hausemi unavutwa wapi. Hilo inabidi tulitafute wenyewe, na ndipo ilipo ajabu yenyewe.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mshale umeachiwa, na kwenda kwake mbele ni mita 30 kwa sekunde, kupanda kwake ni mita 20 kwa sekunde. Tuache kando ukinzani wa hewa, na mvutano wa dunia tuukadirie kwa namba kamili, 10. Baada ya sekunde 1, mbele bado ni 30, kupanda kumebaki 10. Baada ya sekunde 2, mbele 30, kupanda 0. Baada ya sekunde 3, mbele 30 ile ile, na sasa unashuka kwa 10. Toa velositi ya awali kwenye ile ya sekunde moja baadaye, popote utakapochagua, na jibu halibadiliki: mbele hakuna kilichoongezeka wala kupungua, chini pameongezeka 10. Tofauti hiyo ndiyo mchapuko. Izidishe kwa tungamo la mshale, tuseme gramu 50, unapata kani: nusu nyutoni, wima kuelekea kitovu cha dunia.

Basi mshale unaelekea kwingine na kani inaelekea kwingine. Unapopanda, unavutwa chini. Hata pale kileleni, ambapo jicho linadhani umepumzika, kuvutwa hakujalegea hata chembe. Naona ukarimu mkubwa wa Muumba katika jambo hili. Kani hiyo hakuna jicho lililowahi kuiona, lakini ameiacha alama yake katika kila badiliko la mwendo, alama isiyodanganya, na binadamu amepewa kuisoma kwa kutoa na kuzidisha.

Na si lazima kasi iongezeke au ipungue ndipo kani ijulikane. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu wakati Karatu ikiwa bado sehemu ya Mbulu, alikimbia mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alishika uongozi tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wastani wa kasi yake ni kama mita 7 kwa sekunde. Mkimbiaji wa kasi hiyo anapoingia kwenye kona ya uwanja wa kawaida, yenye nusu kipenyo cha mita 36.5, kasi inaweza kubaki ile ile, lakini mwelekeo unageuka kila hatua, na mwelekeo ukigeuka velositi imebadilika. Zidisha kasi kwa yenyewe, gawa kwa nusu kipenyo: mchapuko unakaribia mita 1.4 kwa sekunde kila sekunde. Kwa mtu wa kilo 60, ni kani ya nyutoni zaidi ya 80, karibu uzito wa maji lita 8, na yote inamsukuma kushoto, ndani ya kona. Anaipata kwa kuikanyaga ardhi kuelekea nje, nayo ardhi inamrudishia kuelekea ndani. Ndiyo maana wakimbiaji huinamia kushoto kila wafikapo kwenye kona.

Sasa tuutazame mwezi, ambao watu wa Basotu huuona ukichomoza upande wa Mlima Hanang. Nao uko konani, kona isiyokwisha. Unakwenda kilomita 1.02 hivi kwa sekunde, na umbali wake kutoka kwetu ni takriban kilomita 384,000. Fanya hesabu ile ile ya kona ya uwanja: mchapuko wake ni milimita 2.7 kwa sekunde kila sekunde, ukielekea duniani. Maana yake mwezi unaanguka. Unaanguka usiku na mchana, ila mwendo wake wa pembeni ni mkubwa kiasi kwamba kila ukianguka unaikosa dunia.

Isaac Newton aliiweka hesabu hii katika kitabu chake cha mwaka 1687. Kutoka kitovu cha dunia, mwezi uko mbali mara 60 kuliko sisi tuliosimama juu ya uso wake. Mvutano nao hupungua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, na mara 60 kwa 60 ni 3,600. Chukua mvutano unaoushusha mshale wa Yaeda, sasa kwa kipimo chake cha mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, ugawe kwa 3,600. Unapata milimita 2.7. Mshale na mwezi vinatii amri moja, na amri hiyo ilikuwa ikitiiwa kabla ya kuwapo mtu yeyote wa kuihesabu.