Wazee wetu tunawaenzi kwa kuwakalisha?



Ndugu Waislamu, siku hizi mtu akistaafu tu, watoto humnunulia kiti kizuri cha barazani. Akitaka kwenda dukani huambiwa, "Mzee pumzika, atakwenda kijana." Akitaka kwenda msikitini huitiwa bajaji. Mama naye hata ufagio haruhusiwi kushika. Nia ni njema, na wema kwa wazazi ni amri ya Allah (s.w.). Lakini nauliza: huku ni kumuenzi mzee au ni kumharakishia maradhi?

Mwili usiotumika hudhoofika. Misuli hupungua, magoti hukakamaa, na mzee akijikwaa kidogo tu huanguka akavunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka. Hizo ni dakika 20 na ushei kwa siku. Kwa wengi wetu, ni kwenda na kurudi msikitini!

Bani Salama walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w.), aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Sisi hatua hizo tunawanyang'anya wazee wetu.

Halafu kuna mawazo. Mafao hayajatoka, kijana ana shahada hana kazi, mpangaji ana miezi mitatu hajalipa. Mzee anakaa kitini tangu asubuhi akirudia yale yale, usiku usingizi hauji. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) akijikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akijikinga na kutoweza na uvivu. Tazama vilivyowekwa pamoja! Kutembea hakuleti mafao, lakini hulegeza kifua kilichobanwa na husaidia usingizi.

Na wengi wetu Hija tunaiendea uzeeni. Saayi peke yake, mizunguko 7 kati ya Safa na Marwa, ni takriban kilomita 3, nayo huja baada ya tawafu. Aliyezoea bajaji hadi msikiti wa mtaani ataiwezaje? Ruhusa ya kiti cha magurudumu ipo kwa asiyeweza, kama ilivyo ruhusa ya kuswali kwa kukaa. Ila si busara kujiandalia udhuru miaka 10 kabla ya safari.

Mwenye presha, kisukari au moyo amuone daktari kwanza, kisha aanze taratibu. Nanyi vijana, badala ya kumuitia mzee bajaji, mshikeni mkono mwende naye. Kamati za misikiti nazo zitazame mitaro iliyo wazi mlangoni, ngazi zisizo na pa kushika na taa ya nje iliyoungua tangu Ramadhani. Kila Ijumaa tunachangishwa zulia jipya. Ijumaa ijayo tuchangie mifuniko ya mtaro.