Mchagua Jembe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu ambaye kila apewapo jembe hulitia ila, hili zito na lile butu, hata mvua zikaisha naye hajalima tuta moja. Katika bonde la Kilombero, ambako mpunga hutegemea mvua na mvua haimngojei mtu, maana yake haihitaji mwalimu. Lakini methali moja haiwezi kuamua kila shauri. Mvivu huchagua ili asianze. Je, hayuko mtu mwingine ambaye kuchagua ni wajibu wake, na kutochagua ni kosa?

Na afikiriwe kijana wa Ifakara aliyejifunza ufundi wa kompyuta, ambaye ataka kuunda programu yake ya kwanza ya wavuti, yaani programu ifunguliwayo kwa simu au kompyuta kupitia intaneti. Chama cha wakulima kimemwomba daftari litakaloonyesha kila mwanachama ameweka ghalani magunia mangapi ya mpunga, na amekopa fedha kiasi gani. Kabla hajaandika neno, zana zamzunguka. Lugha ziko nyingi: Python iliyotolewa mwaka 1991, PHP na JavaScript zilizotokea mwaka 1995, na nyingine zilizozaliwa baadaye. Juu ya lugha kuna viunzi, kama Django na Laravel, ambavyo ni mifupa ya programu iliyokwisha kuundwa na wengine. Chini yake kuna hifadhidata, mahali pa kuwekea kumbukumbu. Kijana awauliza watu kumi ipi iliyo bora, apata majibu kumi.

Wako wamwambiao achague zana yenye nguvu kuliko zote, ile itumiwayo na makampuni makubwa ya dunia. Shauri hili lina sura ya busara, lakini historia ya nchi yenyewe yalipinga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ilipokauka ikawa ngumu mno, vyuma vikavunjika, na vipuri vilikuwa mbali. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Zana zile zilikuwa na nguvu kupita jembe lolote la mkono. Upungufu ulikuwa kwa waliozichagua, maana hawakuiuliza ardhi kwanza.

Programu nazo zina ardhi yake. Wakati wa kilimo cha mpunga familia nyingi za Kilombero huhamia katika vibanda vya mashambani, mbali na nyumba zao za kijijini, na huko mtandao huweza kuwa dhaifu au usiwepo kabisa. Ukurasa mzito, ufunguliwao upesi katika mji mkubwa, huenda usifunguke kamwe katika simu ndogo ya mkulima. Tena zana kubwa haiji peke yake. Huja na jamaa zake, vipande vingi vilivyoandikwa na watu ambao kijana hatawaona maishani. Mwezi Machi 2016 fundi mmoja aliondoa katika ghala la npm kipande kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na programu nyingi duniani zikashindwa kujengwa. Wengi wa walioathirika hawakujua kwamba walikitegemea.

Wako na wengine wasemao kwamba zana zote ni sawa, bora kazi ianze. Hawa nao wamesahau kwamba kumbukumbu huishi kuliko zana. Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuzitembelea kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, mara kwa mara, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Mtoto aliyeandikwa mwaka ule ni mtu mzima leo. Katika miaka ile FoxPro ilikuwa zana yenye sifa kubwa ya kutunzia kumbukumbu. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa toleo jingine, na mwaka 2015 ikaacha kuihudumia. Kinyume chake, watunzaji wa SQLite, iliyoanza mwaka 2000, wamekusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Basi zana si sawa, na tofauti yake aghalabu huonekana baada ya aliyeichagua kuondoka.

Hapa ndipo uchaguzi wa zana ugeukapo kuwa jambo la haki. Mkulima akichagua jembe bovu, mikono yake ndiyo iumiayo. Fundi akichagua vibaya, aumiaye ni mwanamke aliyeweka magunia 6 ghalani na daftari likaonyesha 4, naye hajui kompyuta wala hana pa kushitaki. Achaguaye kwa niaba ya mwingine hana ruhusa ya kuchagua kwa fahari. Yampasa ajiulize kama aielewa zana kiasi cha kuitengeneza iharibikapo; kama yupo mtu mwingine karibu awezaye kuishika kazi akiondoka yeye; na kama kumbukumbu zaweza kutolewa humo zikiwa salama na kupelekwa kwingine.

Itasemwa kwamba kwa sharti hizi kijana hatajifunza jambo jipya. Sivyo. Na ajifunze kila zana impendezayo, lakini majaribio ayafanye katika shamba lake, si katika ghala la watu. Wala maswali yale hayahitaji miezi. Kila juma apotezalo akilinganisha viunzi ni juma ambalo chama chaendelea kuandika katika daftari la karatasi liwezalo kulowa au kupotea, na hasara hiyo pia ni ya wanachama, si yake.

Kwa hiyo methali ya wahenga yabaki kweli kwa yule alimaye shamba lake. Kwa yule aliyepewa shamba la wengine, kuchagua jembe ni sehemu ya kilimo, mradi amalize kuchagua kabla ya mvua.