Uchungu wa Uzazi na Amri ya Kutotoka Nje

Hifadhi ya nafsi, yaani wajibu wa kulinda uhai wa binadamu, huhesabiwa na wanazuoni wa fiqhi kuwa mojawapo ya makusudio makuu matano ya sheria ya Kiislamu, na kwa msingi huo si vigumu kuitetea amri ya kutotoka nje kati ya saa 1 usiku na saa 11 alfajiri, iliyoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020 ili kuzuia korona. Ugumu hujitokeza pale uhai uleule unapohatarishwa na amri yenyewe: uchungu hauchagui saa, na mjamzito ambaye chupa imempasukia usiku wa manane alimhitaji dereva wa bodaboda aliyehofia rungu la polisi barabarani. Daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi aliliona pengo hilo, akaanzisha Wheels for Life, mpango wa kuwasafirisha wajawazito bure usiku.

Je, mtawala aliyekusudia mema huwajibika kwa madhara asiyoyakusudia? Wanaojitetea kwa nia (na nia, ikumbukwe, ndiyo kipimo cha amali mbele ya Mungu) husahau kwamba fiqhi hutenganisha dhambi na dhamana, yaani wajibu wa kufidia madhara hata yaliyotokea kwa kukosea, kama inavyodhihirika katika diya ya mauaji ya bahati mbaya. Tena uzazi si ajali: tarehe ya matarajio ya kujifungua huandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi kadhaa kabla. Amri iliyotolewa bila kuandaa usafiri wa wajawazito ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza.