Kabla Hujachora, Chukua Futi

Mwanangu, umesema unakwenda kusomea usanifu wa majengo na vitu vinavyomfaa kila mtu. Nimefurahi. Walimu watakutajia Ron Mace, msanifu wa Marekani aliyeugua polio utotoni akawa anatembelea kiti cha magurudumu. Ndiye aliyeipa fani hiyo jina, na mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni zake saba. Zisome. Ila usizikariri kwa ajili ya mtihani tu. Shuka nazo mtaani.

Anza na baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Aliyezijenga alijua mzee akitoka msikitini hupumzika njiani. Mvua za masika zikijaza maji vichochoroni, watu hupita juu ya baraza hizo. Lakini fundi huyohuyo aliweka mlangoni kizingiti kirefu, na chini yake daraja la jiwe. Chukua futi upime. Daraja likiwa na kimo cha sentimita 20, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili mteremko wake utataka urefu wa mita 2.4. Katika kichochoro cha mtaa wa Kiponda utaupata wapi upana huo, na mlango unatazamana na ukuta wa jirani? Basi uulaze kando ya ukuta, au uchonge ubao imara unaowekwa na kuondolewa. Siku ya kwanza utaona hamali na rikwama lake ndiye anayeutumia zaidi, na mama mjamzito nyuma yake. Usiwafukuze, ndio umefaulu.

Watakwambia mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, haugusiki. Usikubali upesi. Nyaya, matangi na viyoyozi vimepata pa kupita. Ubao usiotoboa jiwe wala chokaa utashindwaje? Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 2 inaitaja fani yako waziwazi. Huombi hisani.

Jambo moja nakusihi: usijifunge kitambaa machoni kwa nusu saa ukadhani umeshajua. Nenda Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, upo tangu 1985, uombe mtu wa kutembea naye, na muda wake umlipe. Asiyeona atakuonyesha vespa iliyoegeshwa palepale alipozoea kupapasa ukuta, jambo ambalo ramani yako haina. Mpelekee mchoro ungali wa penseli, wakati kufuta ni rahisi.

Kisha uniletee na mimi. Nitatazama choo kwanza. Nimeona wengi wakijenga mteremko mzuri mlangoni, picha zikapigwa, na huko ndani mlango wa choo una sentimita 60, kiti hakipiti.