Chupa Imejaa, Mbona Haitoi?

Andiko: Mathayo 5:23-24

Jumamosi iliyopita nilikuwa nasafisha madirisha nyumbani, ile chupa ya kupulizia ikagoma. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Nikaongeza sabuni, nikaongeza maji. Wapi! Mke wangu akaniangalia, akasema, "Baba watoto, chupa imejaa. Shida iko mdomoni."

Nikafungua kichwa chake. Mrija ulikuwa mzima, unafika hadi chini. Lakini katundu ka mbele kalikuwa kamezibwa na ukoko mweupe. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Hakuna mtu aliyetia uchafu mle. Tone moja lilikauka, lingine juu yake, miezi na miezi. Nikakiloweka kwenye siki vuguvugu kama nusu saa, nikapitisha sindano, nikapampu maji safi. Ikapuliza.

Hapo Roho akaniuliza, "Na wewe je?"

Mwaka jana nilimkopesha kaka yangu shilingi elfu 40. Hakurudisha. Nimesomea biashara, kuweka hesabu ya deni najua. Hatukugombana. Simu moja sikushika, ya pili sikushika, Krismasi sikuenda nyumbani. Tone juu ya tone. Na muda huo wote nasimama madhabahuni kuwahubiria msamaha! Maombi yakakauka. Nikaongeza mfungo, nikaongeza kesha. Kumbe naongeza sabuni kwenye chupa iliyojaa.

Tena angalia vizuri andiko letu. Yesu hazungumzi na mwenye kudai. Anazungumza na yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Mimi nilijiona ninayedai, lakini zile simu nilizoacha zilie, hilo lilikuwa deni langu.

Nikampigia jioni ileile. Pesa sikutaja. Nikasema, "Kaka, nisamehe kwa kutoshika simu zako." Akanyamaza, halafu akasema, "Nilidhani umenifuta."

Elfu 40 bado haijalipwa, na tutaiongelea kama watu wazima. Lakini usiku ule niliomba, na machozi yakaja yenyewe.

Mpendwa, kabla hujaongeza mfungo mwingine, kagua mdomo wa chupa. Ni nani huyo ambaye simu yake huishiki? Mpigie kabla ya Jumapili, ndipo ulete sadaka yako. Amina.