Majuto ni Mjukuu: Somo la Mto Sebeya

Methali hii hutumika zaidi kumkanya kijana. Mzazi akimwona mwanawe anaacha shule au anaoa kwa pupa, humwambia: "Shauri yako, majuto ni mjukuu, huja kinyume." Anachokusudia ni kwamba kujuta hufika baada ya kitendo, wakati maji yameshamwagika. Ni sawa, lakini tafsiri hiyo huwachukulia mtenda na mjuta kuwa ni mtu mmoja: ukikosea wewe, utajuta wewe. Kwa maana hiyo peke yake, mtoto angetosha. Wahenga walimtaja mjukuu, naye hazaliwi mpaka kizazi kizima kipite kati yake na babu. Kizazi hicho cha katikati ndicho ninachotaka tukiangalie, kwa sababu ndicho kinachotupumbaza.

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, unatosha kuwa ushahidi. Juu yake, kwenye milima ya Gishwati, ndiko unakotoka mto Sebeya, unaoteremka ukipitia Mahoko na Nyundo kabla ya kuingia Ziwa Kivu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa bado na hekta zipatazo 28,000. Katika miaka ya 1980 ukaja mradi wa misitu na mifugo uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na sehemu kubwa ya msitu wa asili ikageuzwa malisho na mashamba ya misonobari. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, maelfu ya watu waliorejea nchini bila pa kuishi wakakaa humo. Ilipofika 2002 zilikuwa zimebaki hekta kama 600.

Sasa mfikirie mtoto wa yule aliyefyeka. Udongo aliourithi ulikuwa mweusi, umerutubishwa na majani ya miaka mingi. Viazi vilistawi, ng'ombe walishiba, maziwa ya Gishwati yakapata jina. Ungemwuliza mtu huyo kama baba yake alikosea, angekuonyesha magunia. Wala asingekuwa mwongo. Faida aliyoiona ilikuwa ya kweli, ila alitoa ushahidi kabla kesi haijaisha. Hapo ndipo sera nyingi zinapopata sifa: tathmini huandikwa wakati wa mtoto, na wakati huo kila kitu huonekana kimefaulu.

Mjukuu ndiye aliyekuwa amelala usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua ilinyesha usiku kucha katika milima ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda, maporomoko yakashuka, Sebeya ukaacha njia yake na kuingia majumbani. Watu zaidi ya 130 walikufa katika wilaya kadhaa, Rubavu ikiwa miongoni mwa zilizoumia vibaya. Nyumba za matofali ya udongo zilianguka juu ya watu vitandani. Kwa haki tuseme kwamba mvua ile ilikuwa kubwa mno, na hata msitu mzima usingeinywa yote. Lakini mteremko usio na mizizi huachia maji na udongo kwa pamoja, na udongo huo hupandisha kitanda cha mto mwaka hadi mwaka, hata mvua isiyo ya ajabu ikatosha kuufurisha. Matope hayo hayo yameusumbua mara nyingi mtambo wa kusafisha maji wa Gihira, kiasi kwamba watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa hushika madumu kutafuta maji safi.

Kuna jambo moja kuhusu fedha ambalo halisemwi vya kutosha. Mikopo nafuu ya Benki ya Dunia kwa nchi maskini wakati ule ilipewa miaka 50 ya kulipwa. Maana yake ni kwamba aliyetia saini alijua, kwa maandishi, kuwa mlipaji hajazaliwa. Rwanda ilibahatika: madeni mengi ya aina hiyo yalifutwa mwaka 2006. Deni la mlima halikuwa na wa kulifuta.

Je, lawama ni ya nani? Wapo wanaoisoma methali hii kama fimbo ya kumchapia maskini aliyekata mti. Nakataa kabisa. Mama aliyerudi bila shamba, ana watoto wanaolia njaa jioni ile, hana nafasi ya kupanga mambo ya miaka 40. Methali inamhusu mwenye nafasi ya kuchagua: mwenye kalamu, mwenye ramani, mwenye mtaalamu wa kumshauri. Kadiri uwezo wa mtu wa kuona mbali unavyokuwa mkubwa, ndivyo majuto ya mjukuu yanavyokuwa yake zaidi.

Na leo kalamu hiyo iko mezani tena, safari hii kuhusu ziwa lenyewe. Katika kina cha Kivu mmeyeyuka gesi ya methani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60, pamoja na kaboni dayoksaidi nyingi zaidi. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kutumia methani hiyo miaka ya 1960. Sasa kuna KivuWatt ya megawati 26 huko Karongi, na mtambo mkubwa zaidi, wa Shema Power, hapa Rubavu. Maji huvutwa kutoka kina cha mamia ya mita, gesi ikatolewa, kisha maji yakarudishwa ziwani. Swali lote liko katika hayo maji yanayorudishwa. Yakirudishwa mahali pasipofaa yanaweza kudhoofisha tabaka zinazoizuia gesi isipande. Huko Kamerun, mwaka 1986, Ziwa Nyos lilitapika kaboni dayoksaidi likaua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja, nalo ni dogo sana mbele ya Kivu.

Methali haisemi tuiache gesi. Kuiacha nako ni kumwachia mjukuu hatari, na umeme tunauhitaji. Ninachosema ni kwamba vipimo vya tabaka hizo vichukuliwe na watu wasio na hisa katika faida, vitangazwe wazi, tena kwa pande zote mbili za mpaka wa Rwanda na Kongo, maana Goma ya Kongo na Gisenyi wanakunywa hatari moja. Gishwati yenyewe imetuonyesha kuwa hesabu inaweza kurekebishwa: upandaji miti umeurudisha msitu hadi hekta zaidi ya 1,500, na tangu 2015 sheria inaulinda kama sehemu ya hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukihudhuria kikao ambapo mradi mpya unasifiwa kwa mavuno ya miaka kumi ya kwanza, nyoosha mkono. Omba uonyeshwe hesabu ya mwaka wa 40, na usikubali kuketi mpaka mtu akujibu.