Roy Francis, kutoka uwanjani hadi ukocha

Roy Francis, mtu mweusi aliyelelewa Brynmawr nchini Wales, alijiunga na klabu ya Wigan mwaka 1936 kucheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Mwaka 1946 aliachwa nje ya ziara ya timu ya Uingereza nchini Australia kwa sababu ya rangi yake. Hiyo ilikuwa dhuluma, wala haina jina jingine. Mwaka uliofuata aliichezea Uingereza dhidi ya New Zealand.

Baadaye, akiwa kocha wa klabu ya Hull, aliwaonyesha wachezaji makosa yao kwa filamu na kuzijali hata familia zao, jambo geni enzi hizo. Hull ikatwaa ubingwa 1956 na 1958. Mwaka 1968, akiwa sasa kocha wa klabu ya Leeds, timu yake ilinyakua Kombe la Challenge katika uwanja wa Wembley uliojaa maji ya mvua, kwa pointi 11 kwa 10.